Herufi Tano: Namna ya Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuanza Kusoma

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha ikisomwa, na taarifa ya Mfuko wa Mazishi, na taarifa ya wagonjwa waliotembelewa. Halmashauri imetuamuru tuseme maneno machache juu ya darasa la watoto linalokutana ukumbini kila Jumamosi asubuhi. Jambo hili si kubwa kupita mengine yaliyosomwa leo. Lakini limeleta manung'uniko, na manung'uniko yasiyojibiwa mkutanoni huendelea kusemwa vichochoroni.

Manung'uniko yenyewe ni mawili. La kwanza, kwamba watoto wamekaa majuma mengi wakifundishwa herufi tano tu, yaani a, e, i, o na u, hali watoto wa jirani katika shule za kulipia wamekwisha kuimba herufi zote 26 za Kiingereza. La pili, kwamba hatukuanza na Kiingereza, na mzazi anayetoa fedha yake ataka asikie Kiingereza. Baadhi ya wanachama wamesema kwamba mambo yakiendelea hivi wataomba darasa lifungwe, na fedha ya chaki na chai ya watoto irudishwe katika Mfuko wa Mazishi. Kuomba hivyo ni haki yao. Basi twaomba nasi ruhusa ya kueleza kwa nini tumefanya tulivyofanya, kisha mkutano uamue.

Ndugu zetu, darasa hili lilianza kwa ajili ya mtoto mmoja. Bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuja ofisini kulipa ada yake, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka saba aliyekuwa katika Gredi ya Pili. Alipokwisha kupokea risiti yake alisema kwa furaha, "Karani, mwanangu, huyu mjukuu wangu asoma vizuri mno. Hebu msikilize." Mtoto akatoa kitabu mfukoni, akasoma ukurasa mzima juu ya siku ya soko, bila kukwama, kwa sauti ya kupendeza. Nasi tulimsifu.

Lakini tuliona kwamba kidole chake kilikuwa kimefika mwisho wa mstari, hali kinywa kingali katikati ya sentensi. Tukaingiwa na shaka. Tukafunua kurasa mbili kwa pamoja tukamwambia aendelee. Akaendelea, tena vizuri sana, lakini alikuwa akisoma ukurasa ule tulioruka, ambao hakuwa akiuona. Ndipo tulipochukua kipande cha karatasi tukaandika herufi tano, si kwa utaratibu wake wa kila siku, bali u, o, a, i, e. Mtoto akazigusa moja baada ya nyingine akisema, "A, e, i, o, u." Tukaweka kidole juu ya o peke yake tukamwuliza, "Hii ni nini?" Akajibu, "A." Kwake yeye, herufi ya kwanza kuulizwa ni a, iwe imeandikwaje.

Bibi yake alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe mtoto aimba, hasomi. Nami sikusoma; ningelijuaje?"

Wazee wetu, maneno hayo ndiyo yaliyotuchoma. Bibi yule alikuwa amelipa kila kilichotakiwa, amenunua sare na vitabu, amemwamsha mtoto alfajiri miaka mitatu, na kila jioni amemsikiliza akisoma. Hakukosa wajibu wake hata mmoja. Lakini hakuwa na njia ya kujua kwamba mjukuu wake amekariri kitabu kama mtu anavyokariri wimbo. Hatumlaumu mwalimu wa mtoto yule. Darasa likiwa na watoto wengi, nao wakiitikia kwa pamoja, sauti ya wanaojua humfunika asiyejua, na mwalimu hana saa za kutosha za kumsikiliza kila mmoja peke yake. Walakini mtoto kama huyo akifika Gredi ya Nne, ambapo masomo mengine yote hutegemea kusoma, atatahayari mbele ya wenzake, na aibu ya namna hiyo imewatoa watoto wengi shuleni.

Sasa twaomba kueleza juu ya herufi zenyewe. Hizi tano huitwa irabu, na wengine huziita vokali. Mtu akisema a, kinywa hufunguka wazi na ulimi hulala chini. Akisema i, midomo hutanuka kama ya mtu anayetabasamu, na ulimi hupanda mbele. Akisema u, midomo hukusanyika kama ya mtu anayepuliza moto jikoni. Sauti ya e yakaa katikati ya a na i, na sauti ya o yakaa katikati ya a na u. Katika zote tano pumzi hutoka pasipo kuzuiwa. Herufi nyingine, kama p na t na k, huzuia pumzi kwa midomo au kwa ulimi, nazo hazisikiki vema mpaka zifuatwe na irabu. Ndiyo sababu hakuna awezaye kuiita p kwa mtu aliye mbali, lakini pa husikika hata ng'ambo ya barabara.

Katika Kiswahili karibu kila silabi huishia kwa irabu. Yako machache yasiyofuata kanuni hiyo, kama m ya mtu na n ya nchi, na maneno ya kupokewa kama labda na daftari. Lakini mtoto akizijua irabu tano kwa hakika, amekwisha kupata nusu ya kila silabi atakayokutana nayo. Tazameni maneno haya: tata, teta, tita, tota, tuta. Herufi t haikubadilika hata mahali pamoja. Irabu peke yake ndiyo iliyobadilika, nasi tumepata jambo lililofungamana, na watu wanaogombana, na mzigo wa kuni, na kitu kinachozama majini, na udongo ulioinuliwa shambani kwa kupanda viazi. Mtoto asiyetofautisha irabu hana njia ya kujua kama aliyetajwa ni mgomvi au ni kuni.

Tena urefu wa irabu una maana yake. Sisi makarani twalijua hilo kwa hofu. Karani akitaka kumwandikia mwanachama aliye safarini kwamba ndugu yako amekufaa sana wakati wa shida, kisha akasahau a moja, atakuwa amemwandikia kwamba ndugu yake amekufa. Katika chama kinachoshughulika na mazishi, kosa la herufi moja kama hilo laweza kuwaliza watu wa nyumba nzima bure.

Wako wazee hapa waliosoma chuoni utotoni mwao, nao hawatastaajabu tukisema kwamba irabu zastahili kufundishwa polepole. Neno lenyewe irabu twalipata huko. Katika maandishi ya Kiarabu, herufi za kawaida huchukua konsonanti, na sauti fupi za a, i na u huonyeshwa kwa alama ndogo: fatha juu ya herufi, kasra chini yake, na dhumma juu. Mtoto wa chuoni hakukabidhiwa msahafu siku ya kwanza. Aliketi na kila herufi pamoja na alama zake, moja moja, mpaka aliposhika, na hakuna mzazi aliyelalamika kwamba mwalimu anachelewa.

Kiarabu kina sauti fupi tatu, nacho Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wa kale wa pwani yetu walilazimika kuibebesha alama moja sauti mbili: kasra ikasomwa i au e, na dhumma ikasomwa u au o. Hivyo tita na teta ziliweza kuandikwa kwa namna moja, na msomaji ilimpasa ajue maneno kabla ya kuyasoma. Baadaye wengine walibuni alama za nyongeza ili kuondoa shida hiyo. Kisha zikaja herufi za Kilatini. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika lugha zetu kwa herufi hizo, na baada ya mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikashughulikia usanifishaji wa lugha na maandishi yake. Katika kazi hiyo yote sisi tumerithi jambo moja jema sana: irabu tano, herufi tano, na kila herufi ina sauti yake isiyobadilika. Herufi a ni a katika kata, na katika baba, na katika sahani. Lugha nyingi za ulimwengu hazina starehe hiyo.

Kiingereza ni mojawapo ya lugha zisizokuwa nayo, na hapa ndipo twajibu nung'uniko la pili. Kiingereza chaandikwa kwa irabu zile zile tano, lakini kama kinavyosemwa kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Kwa hiyo herufi moja hufanya kazi nyingi. Tazameni a peke yake: katika "cat" ina sauti moja, katika "cake" nyingine, katika "car" nyingine, katika "call" nyingine, na katika "many" husomwa kama e yetu. Mtu mzima huweza kuvumilia mambo hayo. Mtoto wa miaka mitano, ambaye bado hajaamini kwamba alama iliyoandikwa ina sauti yo yote, atavurugika.

Tena liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hawakuliona, nasi hatukuliona mpaka tulipomchunguza mtoto yule. Waingereza huita herufi kwa majina ambayo si sauti zake. Herufi a huitwa "ei", na sikio letu husikia kitu kilicho karibu na e. Herufi e huitwa "ii", ambayo ni i yetu kabisa. Herufi i huitwa "ai". Basi mtoto akifundishwa majina ya Kiingereza na sauti za Kiswahili katika juma lile lile, ataambiwa asubuhi kwamba alama hii ni e, na adhuhuri kwamba alama ile ile ni i. Mwalimu mmoja asema hivi, mwingine asema vile, wote wawili wana haki, na mtoto hana wa kumwuliza. Mtoto mwenye akili huamua kwamba alama hizo hazina maana, akashika wimbo badala yake, kwa kuwa wimbo haubadiliki. Ndivyo alivyofanya mjukuu wa yule Bibi. Hakuwa mjinga. Alikuwa amechagua kitu pekee alichoona kina utaratibu.

Kwa hiyo hatukukataa Kiingereza. Tumekataa kuzitia lugha mbili katika herufi moja kwa siku moja. Wala fikira hii si yetu peke yetu. Katika nchi hii jambo la lugha ya kuanzia limejadiliwa muda mrefu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Mtaala wa Umilisi, ulioenezwa katika shule za nchi nzima tangu mwaka 2019 kwa madarasa ya awali na ya chini, nao washika njia hiyo ya lugha ya eneo katika madarasa hayo. Tena mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za serikali mwaka 2015, ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na afundishwe sauti za herufi kabla ya kutakiwa kusoma maneno. Nasi, ijapokuwa ukumbi wetu ni mdogo, twafuata njia iyo hiyo.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya lugha za nyumbani. Wanachama wetu wametoka pande nyingi, na irabu zao si tano zote. Kikamba na Gikuyu zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya i na u. Dholuo ina sauti za irabu zaidi ya tano ijapokuwa huandikwa kwa herufi tano. Basi mtoto wa nyumba hizo akitamka Kiswahili kwa namna iliyo tofauti kidogo, asichekwe. Sikio lake halina kasoro, bali limezoea kutofautisha sauti nyingi zaidi kuliko zetu, na hiyo ni akiba itakayomfaa atakapofika kwenye Kiingereza. Mzazi anayemkataza mtoto lugha ya nyumbani ili eti asome upesi, amwondolea akiba hiyo.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo kila mwanachama aweza kulifanya, awe amesoma au hakusoma. Kazi ya kwanza ya irabu ni ya sikio, si ya jicho. Bibi asiyejua herufi hata moja aweza kuifanya akiwa anapepeta mchele. Amwulize mtoto, "Andazi laanza kwa sauti gani?" Mtoto aseme a. "Embe je?" Aseme e. "Iliki?" Aseme i. "Oga?" Aseme o. "Uji?" Aseme u. Kisha mtoto naye amwulize bibi, na bibi akosee makusudi mara moja moja, apate kusahihishwa. Mtoto anayeweza kumsahihisha mtu mzima amekwisha kushika.

Mtoto akisikia vema, ndipo aonyeshwe herufi. Twapendekeza herufi moja kwa siku mbili au tatu, si zaidi. Aiandike mchangani kwa kidole, aiandike ukutani kwa mkaa ikiwa mama mwenye nyumba hatakasirika, na kila anapoiandika aitamke sauti yake. Kisha zichukuliwe vizibo vitano vya soda, kila kimoja kiandikwe irabu moja, vitikiswe katika kikombe na kumwagwa. Mtoto ataje kila kizibo kama kilivyoanguka. Vizibo haviwezi kuanguka kila mara kwa utaratibu wa a, e, i, o, u, na kwa hiyo haviwezi kuimbwa. Hapo hata mzee asiyesoma aweza kumpima mjukuu wake. Aweke tu doa la rangi moja moja nyuma ya kila kizibo, aambiwe na jirani kwamba chekundu ni a, na cheupe ni e, na kadhalika. Mtoto akitaja herufi, mzee akigeuze kizibo atazame rangi. Njia hii tulifundishwa na yule Bibi mwenyewe. Aliibuni usiku ule aliotoka ofisini kwetu, kwa rangi ya kucha ya binti yake.

Baada ya irabu tano kushikwa, zitiwe konsonanti mbili tu, kama m na k. Mtoto asome ma, me, mi, mo, mu, kisha ka, ke, ki, ko, ku, kwa kuchanganya. Kwa silabi hizo chache ataweza siku hiyo hiyo kusoma mama, mimi, kaka, kuku, kumi, kima na koma. Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto, maana amesoma neno ambalo hakufundishwa na mtu. Tumeona nyuso zao wanapolipata neno la kwanza la namna hiyo, nasi hatuna haja ya kusema zaidi.

Dakika kumi kila jioni zatosha. Mtoto akichoka, aachwe. Asipigwe kwa sababu ya herufi, wala asilinganishwe na mtoto wa jirani mbele yake. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini anayemkunja kwa nguvu humvunja.

Kiingereza kitafuata hapo, nacho kitafuata kwa njia iyo hiyo ya sauti kwanza na majina baadaye. Tutaanza na irabu fupi tano, kwa maneno mafupi ya herufi tatu: "bed", "pot", "pin", "cat" na "cup". Tumeyapanga hivyo kwa makusudi. Sauti fupi ya e katika "bed" iko karibu na e yetu, na ya o katika "pot" haiko mbali na o yetu. Mtoto atazipokea kama jamaa. Sauti ya i katika "pin" ni fupi na legevu kuliko i yetu, na ndiyo sababu wengi wetu twasema "ship" na "sheep" kwa namna moja, tukashindwa kujua kama aliyetajwa ni meli au ni kondoo. Zilizo ngumu kupita zote ni za mwisho, ya "cat" na ya "cup". Sikio la Kiswahili huzisikia zote mbili kama a. Mwalimu huwaambia watoto waweke mkono chini ya kidevu. Katika "cat" kidevu hushuka na midomo hutanuka. Katika "cup" kinywa hulegea nusu wazi bila kutanuka. Kisha huwapa maneno mawili mawili, "cat" na "cut", "bad" na "bed", wasikilize na kuonyesha kwa kidole lipi limetajwa.

Hatudai kwamba watoto wetu waseme kama watu wa London. Sisi wenyewe tulisoma sekondari ya misheni miaka minne, na mpaka leo twaweza kumwambia mtu "cat" akasikia "cut". Lafudhi ya mtu si aibu. Tunalotaka ni kwamba mtoto ajue kuwa hizi ni herufi mbili, na maneno mawili, na asiyaandike moja mahali pa jingine. Akipenda lafudhi zaidi, redio iko.

Yawapasa mjue na hali ya darasa ilivyo sasa, bila kutia chumvi. Watoto wengi wazijua irabu tano kwa utaratibu wo wote. Baadhi wasoma maneno ya silabi mbili. Wawili bado wachanganya e na i, nasi twaendelea nao polepole pamoja na mwalimu mstaafu, mwanachama wetu, anayejitolea kila Jumamosi pasipo kulipwa. Mjukuu wa Bibi bado hukwama kwenye mb na nd na ng', na hasomi upesi. Kwa kweli asoma polepole kuliko alivyokuwa akiimba, na mjomba wake mmoja alipomsikia alidhani amerudi nyuma. Lakini Jumamosi iliyopita alisimama mbele ya ubao wa matangazo hapo mlangoni, akaweka kidole chini ya tangazo la mkutano huu, akasoma silabi moja moja mpaka akafika neno "wazee". Akageuka akamwambia bibi yake, "Bibi, wameandika nyinyi." Tangazo hilo hakuna aliyekuwa amemsomea.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo matatu kwa unyenyekevu. Kwanza, mkutano uliache darasa liendelee mwaka mmoja zaidi kwa utaratibu huu wa Kiswahili kwanza, na Kiingereza kianze mtoto anapoweza kusoma sentensi fupi asiyoijua. Pili, kila mwanachama mwenye mtoto au mjukuu wa umri huo afanye jaribio moja leo jioni nyumbani: aandike, au aandikiwe, zile herufi tano kwa kuchanganya, aweke kidole juu ya moja, amwulize mtoto. Jibu atakalopata litamwambia mengi kuliko ripoti ya shule. Tatu, wanaokunywa soda watuletee vizibo.

Kama mkutano utaona kwamba fedha hiyo yahitajika zaidi katika Mfuko wa Mazishi, sisi tutatii, kwa kuwa Chama ni chenu. Lakini twakumbusha kwamba Mfuko huo waandikwa katika daftari, na daftari hilo siku moja litashikwa na mmoja wa watoto hawa. Yafaa awe ajua tofauti ya aliyekufa na aliyekufaa.